Kuongoza warsha ya sanaa na kikundi cha mtaani Kigoma: mwongozo kamili

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeombwa na kikundi, shirika au ofisi ya mtaa aje afanye "kitu cha sanaa" na watu ambao wengi wao hawajachora chochote tangu darasa la saba. Pengine wewe ni mchoraji wa mabango ya saluni pale Mwanga mjini Kigoma, mwalimu wa shule, ofisa maendeleo ya jamii au kijana wa maigizo kutoka Ujiji. Kuchora vizuri kunasaidia, ila si ndiko kutakakokubeba. Unachotafuta ni watu kumi na sita watoe kitu chao kwa mikono yao wenyewe, na kikishatoka wasikikane mbele za majirani. Fundi hodari ndiye mara nyingi anayevuruga, maana mkono unamuwasha.

1. Kabla ya kukubali kazi

Muulize aliyekuita: kazi ikikauka itakuwa ya nani, na itakaa wapi? Akikujibu kwamba ujumbe umeshaandikwa, kinachotakiwa ni picha ya chandarua na nembo ya mfadhili, basi hiyo ni kazi ya bango. Ni kazi halali kabisa. Ichukue, ulipwe kama mchoraji, na usiwaite kina mama waje kujaza rangi ndani ya mistari uliyochora wewe kisha mkaiita shirikishi.

Uliza pia nani ataamua kitakachochorwa, na kama kuna jambo ambalo haliruhusiwi kuonekana. Bora ujue leo kuliko ukuta kupakwa chokaa wiki moja baadaye kwa sababu mtu mkubwa hakupenda.

2. Kikundi na siku

Usikusanye watu wapya kama kuna kikundi kilichokwishakaa pamoja. VICOBA, kwaya, kina mama wanaokausha dagaa, bodaboda wa kijiwe kimoja, wana BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni) wa mwaloni, pale boti zinapotia nanga: hawa tayari wana mwenyekiti, katibu na namna yao ya kugombana na kupatana. Ukienda kuwaona mara ya kwanza usiende na daftari la mahudhurio. Kaa nao kwenye kikao chao cha kawaida, uangalie nani anaongea, nani anatazamwa kabla uamuzi haujapita, na nini tayari wanakifanya kwa mikono yao. Kuna kikundi utakikuta kina wasusi wa vikapu na mikeka, kingine kina mama anayetunga nyimbo zote za harusi za mtaa. Anzia kwa hao, warsha yako imeshapata nusu ya walimu.

Kupanga siku ndipo wageni wengi wanapofeli Kigoma, kwa sababu wanatazama kalenda ya ukutani wakati watu wa mwaloni wanatazama mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wanatumia taa za betri na za sola, lakini kanuni haijabadilika: taa inavuta samaki pale tu giza likiwepo. Mbalamwezi ikipevuka, boti nyingi zinapumzika, wavuvi wanashona nyavu na kulala nyumbani. Kwa hiyo kama kikundi chako ni cha Kibirizi au Katonga, weka warsha kwenye siku za mbalamwezi. Ukiweka siku za giza, wanaume watakuja wakisinzia, na kina mama hawatakuja kabisa, maana asubuhi hiyo wanazisubiri boti, kisha wanaanika na kugeuza dagaa hadi jua la mchana. Angalia pia kama ziwa limefungwa. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Kipindi kama hicho watu wana muda tele lakini mfukoni hakuna kitu, na warsha isiyo na chakula inakuwa kama dhihaka.

Kwa vijiji vya Kasulu, Buhigwe na Kibondo, kinachotawala ni shamba. Mvua zikishaanza, Oktoba au Novemba, sahau warsha ya asubuhi. Ujiji usiweke kazi Ijumaa adhuhuri, na mwezi wa Ramadhani fupisha kipindi na uache suala la chai. Jumapili ni ya makanisa hadi saa saba au nane.

3. Posho, iseme mapema

Watu wamezoea semina za bahasha, na hakuna ubaya kusema wazi kwamba mkono mtupu haulambwi. Ubaya ni kukwepa. Kwenye kikao cha kwanza mwambie mwenyekiti mbele ya wanachama: kuna nauli au hakuna, kuna chakula au hakuna, na kama ipo ni kiasi gani kwa kila mtu bila kujali cheo. Msimamo wangu ni kwamba chakula kizuri na nauli ya kweli vinatosha, na kiasi kinachobaki kiingie kwenye mfuko wa kikundi. Ukimlipa mtu mmoja mmoja kwa kukaa, siku fedha ikiisha na kazi inaisha. Lakini mama anayefunga genge lake la mihogo kwa siku nzima amepoteza mauzo, na hilo si suala la kujitolea. Fidia yake izungumzwe na kikundi kizima, isiwe siri yako na yeye.

Mpe mwanachama au jirani wa kikundi kazi ya kupika. Chai ya tangawizi, maandazi, na mchana ugali na samaki wa migebuka. Fedha inazunguka hapohapo.

4. Kubisha hodi

Peleka barua kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, nakala kwa mwenyekiti, ukitaja siku, mahali, idadi ya watu na kazi itakayobaki. Kama mwisho kuna onyesho la hadhara, muone na afisa utamaduni wa halmashauri mapema, siyo asubuhi ya onyesho. Kama kuna ukuta, pata ruhusa ya maandishi ya mwenye ukuta, hata akiwa ni shemeji yako. Na kama unafikiria kufanya kazi ndani ya kambi ya wakimbizi kama Nyarugusu, huingii bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani. Shirika linalokualika ndilo linaloshughulikia, na anza wiki nyingi kabla.

Suala la lugha lipangwe hapa pia. Mjini Kiswahili kinatosha. Vijijini wazee watachangamka ukipata mtu wa Kiha, na Kiha kinasikilizana na Kirundi kiasi kwamba mtu mmoja anaweza kuwasaidia wenyeji na Warundi kwa pamoja. Kwa waliotoka Kongo Kiswahili kipo, ila usicheke chao wala usikisahihishe.

5. Vifaa: nunua kidogo, tengeneza kingi

Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za mafuta za kawaida, zile za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya ubao. Hakusubiri duka la vifaa vya sanaa, na wewe Kigoma usilisubiri.

Karatasi: manila kwa kazi za kubaki, na kwa mazoezi mifuko ya saruji ya karatasi. Ipasue nje, uikung'ute ukiwa umefunga pua, na utumie tabaka lisilogusana na saruji, kwani vumbi lake linachoma ngozi. Vitambaa: pita kwa mafundi cherehani siku mbili kabla, uombe mabaki ya vitenge, wanayatupa kwa viroba.

Mkaa wa kuchorea hutengenezwa hivi. Kata vijiti vinyoofu vya unene wa penseli, kutoka mti laini usio na utomvu. Vimenye magamba. Vishindilie kwenye kopo la maziwa ya unga hadi vibanane, funika, toboa kitundu kimoja kwenye mfuniko kwa msumari, kisha weka kopo katikati ya jiko la mkaa. Moshi utatoka kitunduni. Ukikoma, baada ya kama saa moja, toa kopo na uliache lipoe likiwa limefungwa. Ukifungua likiwa la moto hewa itaingia na utakuta majivu. Kopo moja linatosha watu ishirini.

Rangi za udongo: Kigoma udongo mwekundu haununuliwi. Uponde, uchekeche kwa kitambaa cha mtandio, kisha uchanganye na uji wa muhogo. Uji huo ni vijiko viwili vya unga kwa kikombe cha maji; koroga kwanza na maji baridi, ndipo upeleke motoni hadi uwe kama gundi inayong'aa. Ongeza udongo mpaka mchanganyiko uwe mzito kama maziwa mgando. Masizi ya chini ya sufuria yanatoa nyeusi nzuri, chokaa inatoa nyeupe. Manjano ya jikoni yanapendeza sana siku ya kwanza, lakini jua linayafuta, hivyo usiyatumie kwenye kitu cha kudumu. Pika uji mpya kila asubuhi, wa jana unachacha. Rangi hizi ni za karatasi na kuta za ndani tu. Mvua ya kwanza inaziosha.

Hapa kuna jambo litakalojitokeza kila mahali Kigoma: mtu atapendekeza mchanganye rangi na mawese, kwa kuwa yapo na yana rangi nzuri. Msikubali. Mawese hayakauki hata yakikaa mwezi. Yatanata vumbi na kuvuta sisimizi. Yahifadhi kwa kunawia. Mikono iliyoshika rangi ya mafuta ukiipaka mawese, ukasugua, kisha ukanawa kwa sabuni, inatakata bila petroli.

Brashi nunua kumi kwa watu kumi na sita, siyo kumi na sita. Anayesubiri anachanganya rangi, anakata vitambaa, anaangalia kazi kwa mbali, na mazungumzo mazuri hutokea kwa hao wanaosubiri. Kwa mistari myembamba tafuna ncha ya kijiti cha mswaki.

6. Mahali na idadi

Watu kumi na wawili hadi kumi na wanane kwa mwezeshaji mmoja na msaidizi mmoja. Wakizidi, gawanyeni siku, kwa sababu ukiwa na thelathini unageuka mwalimu wa zamu.

Chini ya mwembe ni pazuri kuliko ukumbi. Ukumbi una meza kuu, na meza kuu ina watu wake. Ukilazimika kutumia ofisi ya mtaa au darasa, toa meza zote nje kabla mtu yeyote hajafika, uweke mikeka na viti kwa duara. Viti ni kwa wazee na wajawazito. Ukiwa karibu na ziwa, kazi ya karatasi ifanyike asubuhi, kwani mchana upepo wa ziwani unaamka. Kusanya mawe ya kukandamizia kabla hujaanza.

7. Saa ya kwanza

Barua ikisema saa tatu, watu wa kwanza watafika saa tatu na nusu na wa mwisho saa nne na nusu. Usiwafokee, na usiwakalishe waliowahi wakikusubiri. Weka rundo la mabaki ya vitenge katikati na mikasi sita. Kila anayefika, salamu, maji ya kunawa, halafu: "Karibu mama, tusaidie kukata vipande, chagua rangi unazozipenda." Mkutano rasmi unapoanza, nusu ya watu tayari wameshika kazi na wameshabishana kuhusu kitenge kipi kilitoka lini.

Mwenyekiti au mtendaji akifungua, mpe dakika tano, na umwombe abaki akiwa mshiriki au aondoke. Kiongozi anayekaa pembeni kwenye kiti akitazama anafunga midomo ya watu bila kusema neno.

Kisha jitambulishe kwa maneno machache, useme mnafanya nini, itaisha saa ngapi, na nani ataamua kazi iende wapi. Picha za simu nazo zizungumzwe sasa. Asiyetaka sura yake ipigwe aseme, na msaidizi wako ajue. Watoto wapigwe kwa ridhaa ya wazazi, na wakimbizi usipige nyuso zao kabisa.

8. "Mimi sijui kuchora"

Utasikia hivi kabla hujamaliza salamu. Usijibu kwa hotuba kwamba kila mtu ni msanii. Hawatakuamini, na wana haki. Jibu kwa zoezi ambalo hata wewe huwezi kulifanya vizuri.

Lile ninaloliamini zaidi ni hili. Watu wakae wawili wawili, wanatazamana, kila mmoja na mkaa na kipande cha mfuko wa saruji juu ya mapaja. Kila mtu amchore mwenzake bila kuangalia karatasi na bila kunyanyua mkono, dakika mbili. Jicho litoke sikioni, pua iende shingoni. Wakigeuza karatasi ni kicheko kitupu, na mchoro wa mchoraji wa mabango umekuwa mbaya sawasawa na wa muuza nyanya. Zitundike zote kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Usisifu hata moja. Ukianza kusema "huu umetulia", wote wanageuka wanafunzi wanaosubiri alama.

Kuna watakaokataa hata hilo, hasa wazee. Kwa mzee, omba akuelekeze.

"Mwanangu, macho yangu hayaoni tena, waachie vijana."

"Sawa bibi. Basi nielekeze mimi mgeni. Nikitoka hapa kwenda mwaloni, napita wapi?"

"Unapita hapa, kwa muuza mkaa... aa, siyo huko, umeshapotea. Lete hicho kijiti."

Akishasema lete, mpe na urudi nyuma hatua mbili.

Na siku yote, usiguse kazi ya mtu. Akikuambia "nichoree mtumbwi, mimi umenishinda", toa karatasi yako pembeni, mkae wote wawili, umuulize: ukiwa umesimama ufukweni, unaona ubavu au unaona ncha? Maji yanaishia wapi kwenye ubao? Achore akijibu. Kama ulichora wako ili kumwonyesha, uchane akiona, usije ukanakiliwa na watu wote.

9. Ramani ya chini

Hili ndilo zoezi linalobeba warsha nzima, lipe saa moja na nusu. Gawa watu: kina mama kwao, wanaume kwao, vijana kwao. Kila kundi lichore mtaa wao ardhini kwa ukubwa wa mkeka mmoja au miwili. Majivu kwa barabara, vijiti kwa reli, kitenge cha buluu kwa ziwa, vizibo vya soda kwa nyumba, majani ya mwembe kwa miti. Usiwaambie kaskazini iko wapi. Tazama wanaanzia wapi. Wapo watakaoanza na stesheni, kwani reli ya kutoka Dar es Salaam iliishia hapa mwaka 1914 na mji ukakua kuizunguka. Wapo watakaoanza na ziwa, na wapo watakaoanza na nyumba ya mtu mmoja anayeogopwa. Mwanzo huo uandike, utakufaa baadaye.

Tahadhari moja. Wazee wa vijijini wameshachora ramani kama hizi kwenye mipango ya vijiji ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, na wengine kwenye mipango ya matumizi bora ya ardhi karibu na hifadhi ya Gombe. Kwao ramani maana yake kuna mradi unakuja. Sema kabla hawajashika jivu: hakuna kisima, hakuna barabara, tunatafuta picha na hadithi za hapa. Usiposema, mwisho wa siku watakuuliza kisima kinaanza lini, na watakuwa sahihi kuuliza.

Ramani zikikamilika, watembelee ya wenzao. Hapo ndipo pana utamu wenyewe. Ramani ya wanaume inaweza kuwa na mwalo, kijiwe na ofisi. Ya kina mama ina bomba, mashine ya kusaga na uchochoro ambao hawapiti jioni. Ya vijana ina uwanja ambao wazee wanadhani ni kiwanja tupu. Wewe uliza maswali mafupi. Hapa panatokea nini asubuhi? Nani anapita hapa na nani hapiti? Nani hayupo kwenye ramani hii? Usiulize "hii ina maana gani", swali hilo linawafanya watafute jibu la kukufurahisha.

Mwishoni kila mtu achukue kokoto mbili na aziweke pale anapotaka paingie kwenye picha. Kokoto ni bora kuliko kunyoosha mikono, maana mke haangalii mume kanyoosha wapi kwanza.

10. Kutoka ardhini kwenda ukutani

Mahali palipopata kokoto nyingi ndipo mada. Kila mtu achore kipande chake kwenye karatasi ndogo: mtu, taa ya boti, mti, mdomo wa sufuria, chochote. Wakate vipande na kuvipanga kwenye karatasi moja ya sentimita 40 kwa 20, wavisogeze, wabishane, wavigandishe. Mwanakikundi mwenye mkono mtulivu anaweza kuunganisha mistari. Wewe, kwa hatua hii, ni wa kushika gundi.

Ukuta wenyewe uukague mapema. Plasta mpya iache wiki nne ikauke. Ukuta wa zamani upitishie kiganja. Kikitoka cheupe, chokaa inaachia, na rangi yako itaondoka nayo, kwa hiyo ukwangue na uoshe. Wakati mzuri ni kuanzia Juni hadi Septemba. Kwa ukuta wa mita 4 kwa 2, kopo la lita 4 la rangi nyeupe ya maji linatosha kupaka tabaka mbili za kwanza na kubaki ya kuchanganyia. Ongeza makopo madogo ya nyekundu, njano, buluu na nyeusi. Nyingine zote wachanganye wenyewe. Kahawia ya mtumbwi waliyoipata kwa kubahatisha ni nzuri kuliko ya dukani.

Picha ndogo igawe kwa miraba ya sentimita 5, ukuta kwa miraba ya sentimita 50. Mistari ya ukutani ipige kwa uzi mrefu uliopakwa vumbi la chaki: watu wawili wauvute, wa tatu auachie kama upinde. Inakuja miraba 32. Kwa watu kumi na sita, kila mmoja ana miwili, na kila mtu anahamisha kilichomo kwenye mraba wake tu. Atakayeogopa kuchora mtumbwi mzima hawezi kuogopa kuchora mstari mmoja unaopinda ndani ya boksi. Mistari isipokutana mpakani, usirekebishe. Waite majirani wa miraba wakubaliane mstari unavukia wapi. Kuna watakaoacha pengo kwa makusudi, na likabaki.

Kupaka kuanzie juu kushuka chini, rangi kubwa za nyuma kwanza. Kwenye ngazi asipande mtu bila mwingine kuishika.

11. Kama kikundi kinapenda kuigiza

Vikundi vingi vya Kigoma vinaigiza na kuimba kuliko kuchora. Kwa hao fuata njia ya mwanamaigizo Augusto Boal wa Brazili, ambayo imeenea duniani tangu miaka ya 1970. Kwetu pia kuna mizizi: wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kama Penina Mlama na Amandina Lihamba walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakianzia na ngoma na nyimbo za wenyeji kisha igizo.

Kikundi kitunge kisa cha dakika tano kisicho na suluhisho. Mfano: mama anamkopesha dagaa mchuuzi anayepeleka Dar es Salaam, mchuuzi harudishi fedha, na mume anamlaumu mama. Kiigizwe mara moja hadi mwisho wake mbaya. Mara ya pili, mtazamaji yeyote akiona pa kugeuza apige kelele "simama!", aingie, achukue nafasi ya mama na ajaribu njia yake. Wengine wanaendelea kuigiza kwa ukweli, hawamrahisishii. Huruhusiwi kuchukua nafasi ya mchuuzi na kumfanya ghafla awe mwema. Wewe ni kiungo tu: unauliza hadhira, hii inawezekana hapa kwetu? Kesho yake angepatwa na nini? Usitangaze jibu sahihi. Kisa kisiwe cha mtu halisi aliyepo, na asiigize mtu maisha yake mwenyewe. Badilisheni majina, kazi na mtaa.

12. Wanaotawala, wanaonyamaza, na yanayouma

Mzungumzaji wa mfululizo mpe kazi inayohitaji mikono miwili. Kuponda udongo kunafaa sana. Heshima yake ibaki: "Mzee wangu, bila wewe rangi hii haitakuwa laini." Anayenyamaza usimlazimishe kuongea mbele za watu, pita karibu yake wakati wa kazi, uulize jambo dogo kuhusu anachofanya. Wengi hufunguka wakiwa wanatazama mikono yao.

Kuna siku picha itafungua kidonda. Kigoma imepokea watu waliokimbia Burundi na Kongo kwa miongo, na si wao pekee wenye ya kusimulia. Mtu akianza kulia, kazi isisimame yote kumtazama. Msaidizi wako, ikiwezekana wa jinsia yake, amsogeze pembeni, ampe maji, asimhoji. Wewe si mganga wa hilo. Kabla ya warsha uwe na namba ya ofisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, na ujue Dawati la Jinsia na Watoto la polisi liko kituo gani. Akichora jambo analotaka baadaye liondolewe, linaondolewa, hata kama ndilo zuri kuliko yote.

13. Kazi ikishakauka

Onyesho lifanyike palepale, siku ya gulio au jioni watu wakirudi. Wanakikundi ndio waongee, wewe usishike kipaza sauti. Majina ya wote waliokubali yaandikwe kwenye kona, yakiwa makubwa kuliko nembo ya mfadhili. Hilo liingize mapema kwenye mkataba, maana siku ya mwisho utashindwa. Kazi za karatasi zibaki na kikundi, na picha zake zisiuzwe wala kuwekwa kwenye kalenda ya shirika bila wao kukaa na kukubali kwa muhtasari.

Tathmini usifanye kwa fomu. Weka makopo matatu nyuma ya mlango: nimefurahia kazi, nimesikilizwa, ningekuja tena. Chora alama kwa wasiosoma, kila mtu apite peke yake akiwa na maharage sita, agawe anavyotaka. Kopo la pili likiwa tupu, rudi kwenye hatua ya 12 kabla ya kikao kijacho.

Brashi za rangi ya maji zioshwe hapohapo kabla ya chakula. Zilizobaki, pamoja na makopo yaliyofungwa vizuri na mikasi, ziingie kwenye sanduku, orodha iandikwe nakala mbili, katibu asaini na abaki na ufunguo. Rudi baada ya mwezi mmoja bila taarifa kubwa, uangalie ukuta na ufungue sanduku. Ukikuta brashi zina rangi ya picha usiyoijua, yaani wamechora bila wewe, warsha ya pili waachie waiongoze wao, na bei yako ya siku hiyo iwe ya msaidizi.